Naombeni msaada wa kusoma barua za zamani za wataalamu wa mimea

Habari zenu wakuu, naomba ushauri nimekwama kabisa. Naandaa kazi kuhusu historia ya mkrismasi, huu wenye maua mekundu tunaokaa kivulini mwake. Mtaalamu wa mimea Bojer aliuokota Madagaska, na mwenzake Hooker akauchapisha Uingereza mwaka 1829 kwenye jarida lake kwa jina la kisayansi la Poinciana regia, leo ni Delonix regia. Huyo Bojer alishafika hadi Unguja na Mombasa 1824, ndo maana naipenda sana hii stori.

Sasa nimepata picha za barua ambazo watu walimwandikia Hooker miaka hiyo, wanaulizana mbegu na vitabu. Shida ni kwamba posta ililipwa kwa idadi ya karatasi, kwahiyo jamaa akijaza ukurasa anaugeuza anaandika tena juu kwa kukatiza mistari, yani unaona kama wavu. Nimekuza picha, nimeizungusha, nimeweka hadi programu ya kusoma mwandiko kwenye simu, inatoa herufi zisizoeleweka. Majina ya vitabu nayo wamefupisha, "DC. Prodr." nimeng'amua ni kile kitabu cha mtaalamu wa mimea de Candolle kiitwacho Prodromus, kilichoanza kutoka 1824, mengine bado giza.

Je, kuna njia ya kutenganisha mistari iliyokatizana kwenye picha, wino wote ukiwa rangi moja? Na vifupisho vya vitabu vya mimea vya wakati ule mnavitafuta wapi? Natanguliza shukrani.