Tiketi ya kurudi nyumbani wakati wa vikwazo vya korona (2021): unajuaje kama ndege itaruka kweli?

Njiapanda_21

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa wanaoyajua mambo ya tiketi kwa undani.

Safari ni ya kwenda tu, kurudi nchi ya uraia. Ndege ya moja kwa moja haipo tangu vikwazo vianze, kwa hiyo lazima kupita nchi nyingine. Mtandaoni njia zilizobaki ni tatu:

A: tiketi moja, kituo kimoja, kusubiri saa 7. Nauli iko juu.
B: tiketi mbili za mashirika tofauti, wakala wa mtandaoni ndiye aliyeziunganisha. Kusubiri saa 4. Nauli karibu nusu ya A.
C: tiketi moja, vituo viwili, na cha pili ni kusubiri saa 19.

Maswali: ipi ina uhakika? Kuna namna ya kujua mapema kwamba ndege haitafutwa? Zile saa 72 za PCR (kipimo cha korona cha maabara) zinahesabiwa kuanzia wapi? Na ikifutwa, hela inarudi au ndiyo imekula kwangu?

KauntaNamba9

Achana na B leo hii, hata ingekuwa bure.

Tiketi mbili kwa kawaida maana yake mzigo hauendi mpaka mwisho. Unashuka kituo cha kati, unapita uhamiaji, unachukua begi, unarudi kaunta kuanza upya. Kupita uhamiaji ni KUINGIA nchi ile. Kama imefunga milango kwa wageni, au inataka viza au karantini, huwezi kuingia. Na hutagundulia huko, utagundulia kaunta ya kwanza kabisa, kwa sababu mhudumu haangalii sura yako, anaangalia Timatic. Hiyo ni hifadhidata ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, yenye masharti ya kila nchi: pasipoti, viza, vipimo, karantini. Ikisema hapana, hupandi. Shirika likikupandisha ukakataliwa kule, ni jukumu lake kukurudisha, na nchi nyingi zinalipiga faini juu yake. Kwa hiyo usitegemee huruma.

Ile "dhamana" ya wakala inayokuja na tiketi za namna ya B ni ahadi ya kukutafutia ndege nyingine au kukurudishia hela. Haikufungulii mlango wa uhamiaji.

C nayo ina mitego miwili. Kwanza, saa 19 ni kulala uwanjani, na wakati wa vikwazo viwanja kadhaa vilikuwa vinafunga eneo la wasafiri wa kuunganisha usiku, hoteli za ndani nazo zilifungwa. Uliza uwanja wenyewe, usimuulize wakala. Pili, angalia hivyo vituo viwili viko wapi. Kama vyote viko Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao), tuseme Frankfurt kisha Amsterdam, basi ukishapanda ile ndege ya katikati umeshaingia Schengen. Pasipoti inakaguliwa Frankfurt. Hapo wewe si msafiri wa kupita tena, ni mgeni anayeingia, na masharti yanabadilika yote.

Hata A usiilipie kabla hujajua kama kituo chake kinapokea wanaopita tu. Kupita na kuingia ni sheria mbili tofauti, na ya kupita nayo huwa inafungwa. Tarehe 25 Machi 2020 Falme za Kiarabu zilisimamisha ndege za abiria kwa wiki mbili, wa kupita wakiwemo. Singapore ilizuia wa kupita kuanzia 24 Machi mwaka huohuo, ikaanza kuwaruhusu taratibu Juni, tena kwa mashirika yaliyopewa kibali tu.

Mzee_wa_Ratiba

Naongezea kwenye swali la pili, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Ndege kuuzwa si sawa na ndege kuruka. Mashirika huweka ratiba sokoni miezi mingi kabla, na kibali cha kutua kikichelewa au kikikataliwa wanafuta wiki mbili tatu kabla ya safari. Hela yako muda huo wanayo wao.

Fanya hivi kabla ya kulipa:

1. Chukua namba ya ndege, si jina la shirika tu. Kama kuna maneno kwamba inarushwa na shirika jingine, chukua namba ya huyo anayerusha. Anayeuza hana uwezo wa kukuambia lolote la maana.

2. Iangalie kwenye tovuti za kufuatilia ndege. Flightradar24 inaonyesha siku 7 za nyuma bila kulipia. Kwa ndege ya kila siku unataka kuona imeruka angalau mara 5 au 6 kati ya 7. Inayoruka mara moja kwa wiki ni hatari ya aina yake: ikifutwa moja, unasubiri siku 7, na kipimo kimeshakufa.

3. Hapa wengi hawafiki. Ndege kuruka bado si sawa na ndege kubeba ABIRIA. Wakati wa vikwazo nyingi zilikwenda na mizigo peke yake, au ziliruhusiwa kutoa watu lakini si kuingiza. Namna ya kupima: tafuta namba ileile kwa tarehe ya kesho na keshokutwa. Kama wanauza viti vya kesho, inabeba watu. Kama viti vinaonekana kuanzia mwezi ujao tu, hiyo ni ndoto ya shirika, si ratiba.

4. Angalia kama nchi unayokwenda imeweka kikomo cha idadi ya watu wanaoingia. Australia kwa ndege za kibiashara iliteremka hadi 3,035 kwa wiki kuanzia 14 Julai 2021, kama nusu ya ilivyokuwa. Hapo ndege inaruka vizuri kabisa lakini viti vingi vinabaki wazi kwa amri, na wa nauli ya chini ndiye mara nyingi anayeahirishiwa safari. New Zealand nako wakati huo raia mwenyewe alikuwa hapandi bila vocha ya nafasi ya karantini. Kwa nchi za namna hiyo pata nafasi ya karantini KWANZA, tiketi baadaye. Ukigeuza mpangilio utakuwa na tiketi ya kutazama.

Ukiona ndege za kawaida hazipo kabisa, kama India ilivyofunga Machi 2020, usihangaike na tovuti za bei. Hali ikiwa hiyo, kinachotembea ni ndege za makubaliano kati ya nchi na nchi na zile za kurudisha raia. Jiandikishe ubalozini ukiwa na namba ya pasipoti, simu inayopatikana na jiji ulipo. Na ukiitwa, jibu siku hiyohiyo, kwani wanashuka kwenye orodha kwa kasi. Soma pia karatasi ya malipo: mara nyingi nauli ni yako, na baadhi ya serikali zinakusainisha mkopo kabla hujapanda.

SwabuNaMuhuri

Saa 72. Jibu fupi: inategemea nchi, na tofauti inaweza kuwa siku nzima. Mfano, tuchukulie saa za miji yote ni sawa:

Ndege ya kwanza inaondoka Alhamisi 00:35. Ya pili inaondoka Alhamisi 14:00, inafika nyumbani 22:00, yaani saa 4 usiku.

Kama sharti ni saa 72 kabla ya KUONDOKA mwanzo wa safari, sampuli ya Jumatatu asubuhi inakubalika. Kama ni saa 72 kabla ya KUFIKA, sampuli haitakiwi kuwa ya kabla ya Jumatatu saa 4 usiku. Maabara usiku huo zimefungwa, kwa hiyo ni Jumanne saa 2 asubuhi. Na jibu ulihitaji Jumatano saa 2 usiku uwe nalo kaunta. Zimebaki saa 36 tu. Maabara inayosema "majibu ndani ya saa 48" haikufai, hata kama ni ya uhakika namna gani.

Marekani wao hawakuhesabu saa, walihesabu siku. Kuanzia 26 Januari 2021 kipimo kilitakiwa kiwe ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka, kwa hiyo kwa safari ya Alhamisi, Jumatatu saa yoyote ilifaa. Lakini angalia hiki kipengele: siku hizo zilihesabiwa kuanzia ndege ya kwanza ikiwa safari yote iko kwenye bukingi moja na hakuna kituo cha kusubiri zaidi ya saa 24. Ukiwa na bukingi mbili, zilihesabiwa kwa ile ndege inayoingia Marekani. Sababu nyingine ya kuikimbia B.

Kwa kawaida saa huanza kuhesabiwa sampuli ilipochukuliwa, si jibu lilipotoka. Ndiyo maana cheti kisicho na SAA ya sampuli kinaweza kukataliwa. Kabla hujaondoka maabara kagua: jina kama lilivyo kwenye pasipoti (majina yote, si mawili), namba ya pasipoti, tarehe na saa ya sampuli, aina ya kipimo ikiandikwa RT-PCR, jina la maabara. Kosa la herufi moja linarekebishwa dakika 5 ukiwa bado pale. Ukiwa uwanjani usiku haliwezekani. Chapisha nakala mbili, simu huzima.

Na waliougua karibuni: PCR inaweza kuendelea kuonyesha una virusi kwa wiki kadhaa baada ya kupona, hata miezi 3. Pima siku 10 kabla ya safari ujue hali, usingojee siku ya mwisho. Marekani ilikubali jibu hilo la zamani pamoja na barua ya daktari ya kupona badala ya kipimo kipya. Baadhi ya nchi nyingine hazikukubali. Kimbembe kiko kwenye nchi ya kati, nayo ina masharti yake.

Halafu hiyo 00:35 ya Alhamisi. Ni usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi! Uwanjani unatakiwa Jumatano jioni. Watu wanafika Alhamisi usiku na mabegi yao, ndege ilishaondoka tangu usiku wa jana.

Njiapanda_21

Asanteni sana, nimeelewa. B nimeifuta. Kwa A, nikishalipa nitahakikishaje kwamba tiketi ni hai? Na lile la hela?

Mzee_wa_Ratiba

Ukilipa utapewa vitu viwili, usivichanganye. Namba ya bukingi ni herufi na tarakimu 6. Hiyo ni nafasi imeshikwa tu. Namba ya tiketi ni tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Huna hiyo 13, huna tiketi, hata kama barua pepe imeandikwa "imethibitishwa" kwa rangi ya kijani. Ukinunua kwa wakala, ingiza ile 6 kwenye tovuti ya shirika lenyewe siku hiyohiyo uone safari zote mbili zipo.

Kwenye bukingi kila kipande cha safari kina herufi mbili za hali yake. HK ni nzuri, kiti kimeshikwa. TK maana yake muda umebadilishwa, unatakiwa kukubali au kukataa. UN maana yake ndege hiyo haipo tena. Kipande kimoja kikiwa UN na kingine HK, usikae kimya ukidhani watajirekebisha. Piga simu, omba upangiwe njia nyingine kwa tiketi ileile. Kagua kila siku 3, wiki ya mwisho kila siku, kwani barua za mabadiliko zinakwenda kwa wakala na wakala naye amelemewa.

Baada ya mabadiliko yoyote hakikisha tiketi imetolewa UPYA. Bukingi ikisoma tarehe mpya huku tiketi ikisoma ya zamani, kaunta watakusimamisha pembeni.

KauntaNamba9

Hela: kanuni ni moja, usifute wewe. Ukifuta mwenyewe unaangukia masharti ya tiketi, na nauli za chini hazirudishi kitu. Subiri wafute wao, hata kama unajua fika haitaruka.

Wakifuta, kwa ndege inayoondokea Umoja wa Ulaya, au inayokwenda huko kwa shirika la huko, kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inakupa haki ya kuchagua njia nyingine au fedha ndani ya siku 7. Vocha ni kwa ridhaa yako kwa maandishi, na korona haikubadilisha hilo. Fidia ya usumbufu ndiyo usiitegemee. Kwa ndege za kwenda au kutoka Marekani, wizara yao ya uchukuzi iliyakumbusha mashirika 3 Aprili 2020 kwamba ndege iliyofutwa inarudishiwa fedha. Ukibonyeza "nakubali vocha" kwenye ile barua ya haraka haraka, umejifungia mlango mwenyewe.

Lipa kwa kadi, na ikiwezekana ya mkopo, ili ukikwama uiombe benki ipinge malipo. Muda wa kufanya hivyo kwa kawaida ni siku 120, zikihesabiwa tangu tarehe ambayo safari ilipaswa kufanyika. Weka picha ya skrini inayoonyesha ndege imefutwa na jibu lolote la shirika, benki itaviomba.

SwabuNaMuhuri

La mwisho kwa A yako: zile saa 7 usizione nyingi. Ndege ya kwanza ikichelewa saa 3 bado unaiwahi ya pili. Ila jaza fomu ya afya ya nchi unayokwenda kabla hujapanda ya kwanza, kwani baadhi zinataka namba ya kiti cha ndege ya mwisho. Kaunta waombe kadi zote mbili za kupandia pale pale, kisha soma lebo ya begi: kifupi cha uwanja kilichoandikwa kwa herufi kubwa kiwe cha nyumbani, si cha kituo cha kati. Kikiwa cha kati, usiondoke kaunta.