Wastaafu wenye bima ya afya: mfukoni mnatoa kiasi gani hasa? Tupeane uzoefu

Bado_Kidogo60
Wakuu habari za mchana. Wazee wangu shikamooni.

Juzi kazini tumemuaga mwenzetu. Kwenye soda, mzee mmoja aliyestaafu kitambo akatuambia: "Nyie mnapiga kelele za kikokotoo cha mafao, mimi nahesabu risiti za duka la dawa." Tangu hapo sijatulia, maana na mimi nakaribia 60.

Ninachojua kwa hapa Tanzania ni hiki: mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na akistaafu anaendelea na NHIF (bima ya afya ya taifa) yeye na mwenza wake bila kukatwa kwenye pensheni. Hapo sina swali. Nataka hesabu ya nje ya bima. Mwenye kadi ya ustaafu, mwenye CHF (bima ya afya ya jamii), mwenye bima ya kampuni binafsi na anayelipa keshi tu, kwa mwezi unatoa ngapi, na inatoka wapi? Siasa wekeni pembeni, nipeni namba.

Mwalimu_wa_Njombe
Marahaba mwanangu.

Mimi na mzee wangu tuna kadi ya ustaafu. Nina presha na sukari, yeye ana presha na magoti. Kumuona daktari, damu, mkojo, picha, vyote bima inabeba, sijawahi kudaiwa. Shida ipo dirisha la mwisho. Dawa zangu za presha ni tatu, mbili napata, ya tatu kila mwezi ni "mama, hiyo imeisha, kachukue nje". Nje ni 38,000. Vile vijiti vya kupimia sukari nyumbani najinunulia. Dawa ya kuchua ya mzee najinunulia. Nauli ya kwenda kliniki mkoani ni ya watu wawili hata kama mgonjwa siku hiyo ni mmoja, maana simwachi asafiri peke yake, na huko tunakula.

Naandika kwenye daftari, mazoea ya ualimu. Mwezi wa kawaida haupungui elfu tisini. Mwezi wenye homa juu yake ndio huo unakwenda kwa mwanao kwa sauti ya chini.

Chepe
"Imeisha, kachukue nje." Halafu duka lenyewe liko mbele ya geti 😂

Fundi_Mitambo_Tabora
Mwalimu kasema ya dawa. Mimi niseme ya wategemezi, maana ndiyo iliyonivua nguo.

Ukiwa kazini kadi inabeba wewe, mwenza na wategemezi wanne, na humo unaweza kuweka wazazi na wakwe. Siku umestaafu mnabaki wawili. Sasa mtu wa miaka 60 mama yake ana ngapi? Wangu ana 86 na yuko kwangu. Nilipotoka kazini nikamkatia CHF iliyoboreshwa, wakati huo 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Sitaitukana CHF. Malaria, kifua, vidonda, zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ilitufaa.

Kisha mama akaamka usiku kwenda uani, akateleza kwenye kibaraza. Nyonga. Kilio chake kiliamsha jirani wa tatu. Tulimbeba kwenye godoro hadi kwenye bajaji, miguu yake nimeishika mimi nikiwa nimening'inia nje. Wilayani picha, CHF. Mkoani kitanda na dawa za maumivu, CHF. Halafu daktari akaniita pembeni: mfupa huu unataka kuwekewa chuma, na kifaa hicho kiko hospitali ya kanda, mkoa mwingine. Pale ndipo kadi yetu ilipofika kikomo.

Mafuta ya gari la wagonjwa, langu. Chuma, milioni mbili na laki nane, keshi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Kitanda, vipimo vipya (vya mkoani havikutosha eti), damu ya kurudisha benki ya damu, chumba cha dada yangu aliyekuwa anamlisha, chakula chetu. Ilivuka milioni tano na mama bado hajakanyaga chini. Ikatoka kwenye mkupuo wa kustaafu, fungu lililokuwa la kumalizia nyumba. Mama anatembea kwa fimbo sasa hivi, mkali kama zamani, na kila asubuhi ananiuliza kwa nini madirisha nimeziba kwa mabati.

Mama_Kijacho
Pole sana baba. Hapo kwenye madirisha nimecheka na kulia.

Jembe_la_Kisarawe
Mkuu ungemwandikisha mama kwenye kadi ya mdogo wako aliye kazini. Mzazi ni wa watoto wote, si lazima awe kwako. Watu wengi wanafanya hivyo.

Fundi_Mitambo_Tabora
Mdogo wangu ni fundi cherehani na dada anauza vitenge. Kadi ipi?

Jembe_la_Kisarawe
Basi useme mapema mkuu, mimi najuaje ukoo wako.

Mzee_wa_Voi
Wacha niwape ya huku Kenya mlinganishe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko SHA, bima mpya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF yetu. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Babangu ni mstaafu, hana mshahara, kwa hivyo anawekwa na wale wa jua kali, wasio na ajira rasmi: unajibu maswali ya paa la nyumba, choo, maji unayotumia, mifugo, kisha mtambo unakupa kiasi chako. Cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, ila malipo ni ya mwaka mzima kwa pamoja. Enzi za NHIF yetu mtu wa kujitegemea alikuwa anatuma 500 kila mwezi kwa simu na maisha yanaendelea. Mzee wa pensheni ya mwezi kushika pesa ya mwaka mara moja si mchezo, hata iwe ndogo. Kwetu tunachanga ndugu wote, kila Januari kuna vita kwenye kundi la familia.

Kwa aliye bado kazini Kenya: ukichangia hazina ya matibabu ya baada ya kustaafu, hadi 15,000 kwa mwezi haikatwi kodi, tangu Desemba 2024. Wengi hawajui.

Chepe
Hizo elfu kumi na tano ni za Kenya wakuu, msije mkashangilia. Zidisheni mara ishirini kwanza.

Kaka_Mkubwa_Sinza
Kwa bima za kampuni binafsi nina la kusema. Wakala alinipenda sana. Ananiita baba, ananipigia hata Jumapili. Siku nilipomtajia mwaka wa kuzaliwa mapenzi yakaisha. Nyingi hazimchukui mtu mpya aliyekwisha kuvuka 60 au 65, na inayokuchukua inakuambia presha uliyokuja nayo isubiri mwaka. Sasa mzee asiye na presha ananunua bima ya nini?

Mhasibu_Mstaafu
Kaka Mkubwa, inategemea umeingia lini. Mimi niliingia nikiwa na 50, nikaendelea nilipotoka kazini. Nalipa milioni mbili na laki nne kwa mwaka, mimi na mke. Ndiyo, ni nyingi. Lakini tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya cha NHIF (orodha ya huduma, dawa na bei zake) kilipoanza na hospitali binafsi zikagoma kuwahudumia wanachama wake, mimi niliingia nikatibiwa kama jana yake. Wenzangu walikuwa getini wanapiga simu.

Jembe_la_Kisarawe
Laki mbili kila mwezi, uumwe usiumwe! Mimi hiyo naiweka UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, nikiugua natoa, nisipougua ni yangu. Miaka kumi nina zaidi ya milioni ishirini na nne na faida juu.

Mhasibu_Mstaafu
Na ukiugua mwaka wa kwanza?

Jembe_la_Kisarawe
Nitaugua mwaka wa pili.

Binti_Nyumba_ya_Pili
Mmegusa mwenza, ngoja niseme yetu hata kama mtanicheka.

Baba ni mstaafu wa halmashauri. Ana wake wawili, wote wa ndoa, vyeti viko. Kadi ya ustaafu ina nafasi ya mwenza mmoja, na aliyeko ni mama mkubwa. Mama yangu miaka yote alikuwa anatibiwa keshi, na kwa kuwa alikuwa mzima hakuna aliyejali. Mwaka juzi moyo ukaanza. Miguu inavimba, hawezi kulala chali. Tukampeleka hospitali moja ya binafsi kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu, bili ikafika milioni moja na laki saba na bado hawajasema anatoka lini.

Baba akaona njia ni kuomba mwenza abadilishwe kwenye kadi. Kimyakimya. Akachukua fomu, akaijaza, akaiweka kwenye mfuko wa koti. Sasa koti la baba nani analifua? Mama mkubwa.

Alikuja wodini na ile fomu mkononi na mwavuli. Saa ya kuona wagonjwa, watu wamejaa. Akamwambia mama: "Umenichukulia mume nikanyamaza, leo unataka na presha yangu?" Mama naye na mipira ya dripu akaketi kitandani akajibu, na alijibu vibaya. Mwavuli ukapanda. Nesi akaingia kati, ukampata begani. Mlinzi kaja. Baba tukamtafuta dakika nyingi, kumbe yuko kantini kaagiza chai.

Kikao cha ukoo kikakaa. Kadi ikabaki kwa mama mkubwa, kwa sababu macho yake yana presha na kliniki yake haikatiki. Mama yangu analipiwa keshi, sasa tunampeleka hospitali ya serikali, dawa na vipimo ni kama 120,000 kwa mwezi, baba anatoa 70,000 kwenye pensheni na sisi watoto tunajaza. Kwa hiyo mtoa mada, andika: mwenye kadi na wake wawili, 120,000 kando.

Mama_Kijacho
"Leo unataka na presha yangu" 😭😭 Mama mkubwa apewe kiti bungeni.

Ustaadh_Mchambuzi
Mzee amekosa uadilifu. Ukioa wawili, matibabu ni sawa kwa sawa. Huwezi kumpa mmoja kadi na mwingine ukamchangishia.

Chepe
Na kadi haina nafasi ya wawili afanyeje, aipasue katikati?

Ustaadh_Mchambuzi
Amkatie bima nyingine. Uwezo wa kuoa ni pamoja na bima.

Kaka_Mkubwa_Sinza
Ustaadh usione wa wake wawili tu. Kuna wa mke mmoja kanisani na nyumba tatu mtaani, zote zinatibiwa na pensheni hiyohiyo ila hakuna kikao.

Mama_Kijacho
Kaka Mkubwa unajisema au unasema watu?

Bado_Kidogo60
Wakuu, namba jamani. Nina mke mmoja.

Chepe
Unaye mmoja mpaka mkupuo uingie.

Dirishani_Daima
Nafanya kazi dirisha la bima, hospitali sitaitaja. Niwape machache, msinitukane sisi.

Dawa nyingi mnazoambiwa mkanunue nje ni kwa sababu daktari ameandika jina la biashara la dawa ambayo haimo kwenye kitita. Mwambieni akiwa bado anaandika: "Daktari, ya aina hii iliyomo kwenye bima ipo?" Mara nyingi ipo, inafanya kazi ileile. Ukishafika kwangu nimeshachelewa. Ila kama kweli imeisha, imeisha, hapo Mwalimu wa Njombe hana wa kumlaumu dirishani. Fomu ya matibabu usiisaini ikiwa tupu, soma kilichoandikwa, wazee wengi wanasaini vipimo ambavyo hawakupimwa. Na kidole cha mzee aliyelima maisha yake yote mashine haikisomi, mje na kitambulisho cha taifa na subira.

Mwalimu_wa_Njombe
Asante mwanangu. Ila "subira" tunakuja nayo tangu saa kumi na moja alfajiri.

Jembe_la_Kisarawe
Mbona hakuna anayesema wazee 60 na kuendelea wanatibiwa bure? Sera ya afya ya 2007 imesema.

Dirishani_Daima
Imesema wasio na uwezo. Unatambuliwa na serikali ya mtaa, unapewa kitambulisho, unakuja dirisha la wazee. Mwenye pensheni mtendaji anamwangalia mara mbili. Na bure ni ya daktari na kilichopo, dawa isiyopo ni kama ya mwalimu.

Fundi_Mitambo_Tabora
Mtoa mada, ukiwa bado kazini maliza kila kitu. Meno ya mkeo, miwani, henia, macho ya mama yako, kila mtegemezi apite hospitali mwaka huu wakati kadi bado ina majina yao. Na kwenye mkupuo tenga la mama kabla ya kununua bati hata moja.

Mhasibu_Mstaafu
Naunga mkono. Mkupuo usiufunge wote, ugonjwa hausubiri hati fungani iive.

Ustaadh_Mchambuzi
Na habat sauda kijiko kimoja asubuhi.

Bado_Kidogo60
Asanteni wakuu, nanukuu kwenye karatasi. Mama mkwe ana mtoto wa jicho macho yote mawili na yumo kwenye kadi yangu. Nimlete sasa au nisubiri likizo?

Mwalimu_wa_Njombe
Mlete sasa. Wanafanya jicho moja kwanza, la pili baadaye, ukisubiri likizo la pili litakukuta umestaafu.

Chepe
Au msubiri kambi ya macho, ile ya bure.

Mama_Kijacho
Kambi ya mwisho huku kwetu foleni ilianzia barabara kuu. Mlete Jumatatu, na aje na mtu wa kumshika mkono.