Mrejesho: Kupunguza umeme kwenye nyumba ya kupanga

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza nawezaje kupunguza matumizi ya umeme wakati nyumba si yangu na siruhusiwi kutoboa ukuta wala kugusa nyaya. Asanteni sana, mengi mliyosema nimeyafanyia kazi.

Kilichonishtua ni hita ya maji. Nilikuwa naiacha imewashwa kutwa nzima. Ina wati 2,000, maana yake ikichemsha saa moja mfululizo inakula uniti 2. Sasa naiwasha muda mfupi kabla ya kuoga, kisha nazima. Uliyeniambia nianze na vitu vinavyotoa joto badala ya kuhangaika na chaja ya simu, Mungu akubariki, maana uniti zangu zilikuwa zinaishia hapo.

Friji nayo: nilibana karatasi mlangoni, nikaivuta, ikatoka bila kukwama hata kidogo. Kumbe mpira umelegea. Kwa kuwa friji ni ya mwenye nyumba, nilimtumia ujumbe wenye picha, naye amekubali kuleta mpira mpya. Nimeisogeza pia mbali kidogo na ukuta ipate hewa.

Taa nimeweka za LED za wati 9 badala ya zile za wati 60. Za zamani ziko kwenye boksi. Nikihama nazirudisha, zangu naondoka nazo.

Nimesoma mita kila Jumapili kwa wiki nne, matumizi yameshuka karibu theluthi. Limebaki dirisha la chumbani linalopitisha upepo. Nimeziba kwa utepe wa sponji, ila unabanduka kukiwa na unyevu. Anayejua gundi isiyoharibu rangi aniambie.