Kusoma mistari kutoka kwenye soketi (ncha ya muunganisho wa mtandao): tukubali kila mwisho wa mstari, au tudai CRLF pekee?

Dereva wa Seva (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika kwa Java seva inayopokea taarifa za mahali kutoka kwenye vifaa vya GPS vilivyofungwa kwenye malori. Kila kifaa hutuma sentensi za NMEA 0183, kiwango cha kupeana data za vifaa vya urambazaji, kupitia laini ya simu. Sentensi huanza kwa alama ya dola, hubeba latitudo na longitudo (lori likiwa katikati ya Dar es Salaam utaona kitu kama 0648.95,S,03917.02,E), kisha hufungwa kwa nyota, alama mbili za uhakiki, na CRLF, yaani baiti 13 (CR) ikifuatwa na baiti 10 (LF), ambazo kwa pamoja ni alama ya mwisho wa mstari.

Hivyo ndivyo kiwango kinavyotaka, lakini vifaa vyetu vilinunuliwa kwa awamu tatu na kila awamu ina tabia yake. Awamu ya kwanza inafuata kiwango, ya pili inatuma LF peke yake, na ya tatu inatuma CR peke yake. Juzi nilipoteza nusu siku kwa sababu programu yangu ilikuwa ikikataa sentensi ambazo kwenye logi zilionekana sahihi kabisa: ilidai kwamba alama za uhakiki 6A hazilingani na 6A. Nilipochapisha baiti zenyewe nikakuta 36 41 0D (0D ndiyo baiti 13 kwa heksadesimali). CR ilikuwa imebaki mkiani, na kwenye skrini haionekani.

Sasa ninapima njia tatu: kutumia readLine ya BufferedReader (kisomaji cha mistari kilichomo ndani ya Java), kutafuta LF na kukata CR iliyoitangulia, au kudai CRLF na kukata muunganisho wa kifaa kinachokiuka. Naomba uzoefu wenu.

Mzee wa Bafa

Mkuu, kati ya hizo tatu ni readLine pekee itakayovisoma vifaa vya awamu ya tatu, na namna inavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Ikikutana na CR haisubiri kuona kama LF inafuata. Inarudisha mstari papo hapo, kisha inajiwekea alama ndani kwamba baiti inayofuata, ikiwa ni LF, imezwe kimyakimya. Programu ambayo ingesubiri kwanza kujua kilicho nyuma ya CR ingekwama mpaka kifaa kitume sentensi nyingine, na lori lililoegeshwa usiku linaweza kukaa saa nyingi bila kutuma chochote. Taarifa ya mahali lilipoegeshwa, ambayo ndiyo mwenye mali anayoitaka, ingekuwa imelala kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, haina kikomo cha urefu, kwa hiyo kifaa kilichoharibika au mtu mwenye nia mbaya akituma baiti mfululizo bila mwisho wa mstari, seva itaendelea kuzilimbikiza mpaka kumbukumbu iishe. Pili, BufferedReader huvuta baiti nyingi kuliko mstari uliouomba, na ukirudi kwenye soketi ileile kusoma data ghafi utakuta sehemu yake imeshavutwa.

Fundi Mkimya

Njia ya pili ndiyo inayotumiwa na bufio.Scanner, kisomaji cha lugha ya Go: LF ni ya lazima, CR iliyoitangulia ni ya hiari, na kuna kikomo cha kilobaiti 64 usipokibadilisha. RFC 9112 ya mwaka 2022, hati ya viwango vya intaneti inayoeleza HTTP/1.1 (itifaki ya tovuti), nayo inamruhusu mpokeaji kuikubali LF peke yake. Kwa HTTP ningeichukua bila kusita. Kwako haifai, kwa kuwa awamu ya tatu haitakupa hata mstari mmoja hadi kikomo kivukwe na kosa lirudi.

Mlinzi wa Lango

Kabla hujachagua, ndugu, tuambie jambo moja: sentensi hizi zinaishia kwako, au unazipeleka kwenye seva nyingine?

Ninauliza kwa sababu ya yaliyofichuliwa kwenye barua pepe Desemba 2023. RFC 5321, inayoeleza utumaji wa barua pepe, inadai CRLF pekee, na mwisho wa barua ni nukta iliyo peke yake kwenye mstari. Baadhi ya seva zilizotuma barua zilipokuta nukta iliyozungukwa na LF tupu (isiyo na CR) ziliiona kuwa maandishi ya kawaida na kuipitisha kama ilivyo, ilhali baadhi ya zilizopokea ziliihesabu kuwa mwisho wa barua. Kwa hiyo mtu aliweza kuficha barua ya pili ndani ya ya kwanza, ikiwa na jina la mtumaji alilojitungia, na mpokeaji akaiona kana kwamba imetoka kwenye seva inayoaminika. Postfix, mojawapo ya programu za seva za barua, ililazimika kuongeza mpangilio wa kuzikataa LF tupu.

Kila upande ulikuwa na hoja yake. Hatari ilizaliwa na tofauti baina yao, ndiyo maana kwa seva inayopitisha maandishi ya wengine mimi husimama na njia ya tatu, hata kama baadhi ya wateja watanung'unika.

Mwanafunzi wa Mkondo

Niongeze kosa nililolifanya mwenyewe. Niliandika msimbo uliokuwa ukisoma kutoka kwenye soketi na kuyakata maandishi ya kila usomaji peke yake, kana kwamba TCP, itifaki inayobeba data kwenye muunganisho, hutunza mipaka ya ujumbe. TCP ni mkondo wa baiti tu, na CR inaweza kuwa ya mwisho katika usomaji mmoja huku LF ikiwa ya kwanza katika unaofuata. Nilikuwa nikipata mstari mtupu ambao hakuna aliyeutuma, na kwenye HTTP mstari mtupu ndio mwisho wa vichwa! Kwenye kompyuta yangu mwenyewe halikutokea hata mara moja, kwa kuwa kila kitu kilifika kwa mkupuo.

Vilevile nilikuwa nikigeuza baiti kuwa herufi kabla ya kukata mistari. Neno ng’ombe likiandikwa kwa ile alama iliyopinda, alama hiyo huchukua baiti tatu katika UTF-8 (namna ya kuandika herufi kwa baiti), na siku baiti hizo zilipogawanyika kati ya usomaji mmoja na mwingine programu ilianguka. Kata mistari kwenye baiti kwanza, kisha ndipo ugeuze. Wanaotumia Python wajihadhari pia na splitlines ya maandishi, kwani hukata hata kwenye U+2028, herufi ya Unicode ya kutenganisha mistari.

Dereva wa Seva

Nashukuru sana. Jibu la swali la Mlinzi ni kwamba ndiyo, sentensi zinapelekwa kwenye mfumo wa mteja. Kwa hiyo nimeandika kisomaji changu cha baiti kinachomeza LF kwa mtindo wa readLine, chenye kikomo cha baiti 256 (kiwango kinaishia herufi 82, lakini watengenezaji huongeza sentensi zao ndefu). Sentensi isiyopita uhakiki inatupwa, na iliyopita ninaiandika upya kwa CRLF mimi mwenyewe kabla ya kuipeleka mbele. Nimekijaribu kwa kukilisha baiti moja moja na kimepita.

Kimebaki kifaa kimoja cha awamu ya tatu kinachotuma CR mbili mfululizo. Mistari yake mitupu ninaitupa, kwa kuwa katika NMEA mstari mtupu hauna maana yoyote.