Kikundi cha kulipia: WhatsApp, Telegram, tovuti yako au majukwaa ya ng'ambo?

Mfugaji_Katuba (Lubumbashi)

Wandugu, salama? Mimi nafuga kuku wa nyama hapa Katuba. Mwaka wa tatu huu nasimamia kikundi cha WhatsApp cha wafugaji wa Lubumbashi, tuko 640. Kila Ijumaa naandika bei ya vifaranga vilivyopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, bei ya mahindi na soya. Usiku nasikiliza sauti za watu ambao kuku wao wameanza kusinzia na kuhara kijani. Mega za intaneti ni zangu, usingizi ni wangu. Juzi mama watoto akaniuliza, hiyo kazi inaleta nini hapa nyumbani? Nikanyamaza, nikaendelea kula bukari (ugali).

Nataka kufungua chumba cha kulipia, dola 2 kwa mwezi. WhatsApp kila mtu anayo, na kikundi kinabeba hadi watu 1,024. Telegram inabeba hadi 200,000 na nambari ya simu inaweza kufichwa. Kuna kujenga tovuti yangu kwa WordPress. Na kuna yale majukwaa ya ng'ambo kama Patreon na Skool, yanayokusanya pesa yenyewe. Mwenye kujaribu aniambie ukweli.

Sindano_Kamalondo (Lubumbashi)

Yaya, anza na hesabu kabla ya jukwaa. Skool mpango wake wa Pro ni dola 99 kwa mwezi. Kwa dola 2 kichwa, unahitaji watu 50 ndipo umlipe mwenye nyumba, wewe bado hujanunua hata sabuni. Wapo watu 50? Usinihesabie 640! Mimi nauza vipimo na mikato ya nguo za wax (vitenge). Kwenye kikundi cha bure nilikuwa na watu 300, wote wakisema "asante mama, Mungu akubariki". Siku nilipotaja makuta (pesa), walilipa 17.

Hao 17 bado niko nao. Wananiuliza maswali magumu, na picha za mikato hawazirushi ovyo kwa watu wa nje, maana wamezilipia.

Dada_Ibanda (Bukavu)

Kaka wa Katuba, tovuti nilijenga. WordPress yenyewe ni ya bure, jina la tovuti ni dola kumi na kitu kwa mwaka, mahali pa kuihifadhi unalipa kando. Hiyo si shida. Shida ni mlango wa malipo. Programu nyingi za uanachama zinategemea Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, au kadi ya benki. Stripe haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Kongo, na wanachama wangu wengi hawajawahi kushika kadi. Ndiyo maana Substack, jukwaa la kuuza majarida, nayo niliiacha: ili ulipwe huko lazima uwe na Stripe.

Kuunganisha tovuti na M-Pesa, Airtel Money au Orange Money inawezekana, lakini unapita kwa kampuni ya kati, na huko wataomba RCCM (hati ya usajili wa biashara) na nambari ya kodi. Kama biashara yako haina karatasi, utazunguka maofisi miezi. Mimi nilizunguka. Mwishowe nikaacha tovuti kama maktaba tu: masomo yamepangwa, kila mwezi nabadilisha neno la siri na kulituma kwa waliolipa. Ni njia ya kienyeji, lakini inatembea.

Himbi_2 (Goma)

Hapa Goma hatuna hata nafasi ya kuchagua. Tangu mwisho wa Januari 2025 benki za biashara zilifunga milango, na vyumba vya ATM vikawa mapambo. Pesa ya simu ndiyo iliyobaki kutembea. Mtu akinitajia Patreon namuuliza pesa itanifikia kwa njia gani. Na Patreon wenyewe, kwa anayefungua ukurasa tangu Agosti 2025, wanakata asilimia 10, kisha unalipa gharama za malipo juu yake. Huyo ni wa kumfikiria kama wateja wako wako Brussels au Montréal na wana kadi. Wafugaji wa Katuba?

Telegram ni nzuri kwa jambo moja: mgeni anaweza kuona yaliyosemwa tangu mwanzo, hakuna kurudia somo. Ila uliza kwanza watu wako wananunua mega za aina gani. Wangu wananunua mega za WhatsApp tu, Telegram kwao haifunguki hadi wamuombe jirani hotspot. Nilihama na watu 80, wakanifuata 11.

Kijana_Ruashi (Lubumbashi)

Samahani mzee, nitasema wazi. Niko ndani ya hicho kikundi. Bei ya vifaranga tumekuwa tukikuletea sisi wenyewe tuliotoka Kasumbalesa. Leo unataka kutuuzia maneno yetu?

Mfugaji_Katuba

Mdogo wangu, umenipiga pazuri. Bei zitabaki bure, na asante kwa kunishika shati.

Ninachotaka kuuza ni kazi yangu: kumfuata mfugaji tangu siku ya kwanza ya kifaranga, kumkumbusha chanjo ya kideri na ya Gumboro siku yake ifike, na kujibu usiku. Na kuna jambo sikulisema. Mwaka jana mtu aliingia kikundini, akachukua nambari za watu, akawapigia akijifanya wakala wa vifaranga. Watatu walituma pesa. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp nambari zote ziko wazi, na hilo linaniogopesha kuliko asilimia za Wazungu.

Sindano_Kamalondo

Basi usiwaweke wote chumba kimoja. Mimi nina vyumba vya watu kumi na wawili. Na malipo nayaendesha kama likelemba, ule mchezo wa kuchanga pesa kwa zamu: kila chumba kina mama mmoja anayeshika daftari, wanatuma kwake kabla ya tarehe 5, yeye ananitumia kwa mara moja. Makato ya kutuma yanapungua. Yeye halipi, ndiyo mshahara wake. Asiyelipa anaona haya mbele ya mama jirani. Mbele yangu mimi wala hashtuki.

Dada_Ibanda

Kwetu Kivu tunaiita muziki, na kweli hakuna programu inayokumbusha deni kama mama wa muziki 😄 Ila kaka, daftari lishikwe na watu wawili. Mshika daftari wangu wa kwanza alisafiri na mwezi mzima wa watu.

Mfugaji_Katuba

Nimeuliza leo kikundini: wamekubali 41, waliotuma kweli ni 23. Dola 46. Ningekuwa kwenye ule mpango wa Skool wa dola 99, ningekuwa na deni la 53.

Naanza na vyumba viwili vya WhatsApp, daftari mbili. Kijana wa Ruashi, nimekuandika kushika moja, bure, kama unakubali.

Kijana_Ruashi

Nakubali mzee. Lakini zile sauti za dakika tisa upunguze.