Visaidizi vya fomu: vifuate jina la tagi au jina la kazi?

kisanduku7: Wakuu, naandika fremuweki ndogo ya wavuti, nimekwama kwenye majina ya visaidizi vya fomu, yaani fankshoni zinazotoa HTML ya sehemu za fomu. Nina input_text, input_checkbox, select na textarea, yaani jina la tagi kama lilivyo. Shida ni kwamba kila kimoja kinaweza kupokea modeli (kitu kinachobeba data, mfano mteja) na kujijazia thamani, au kupokea jina na thamani tu. Kinabahatisha kwa kuangalia hoja ya kwanza (thamani ya kwanza kinayopewa). Nivitenganishe vipi?

mabano_mraba: Acha kubahatisha, mkuu. Siku modeli ikija nil (yaani hakuna kitu), kisaidizi kitaidhani ni jina, na fomu itatoka vizuri tu machoni huku name, sifa ya HTML inayoitambulisha sehemu kwa seva, ikiwa tupu. Sehemu yenye name tupu haitumwi kabisa. Utahangaika na seva wakati kosa liko kwenye HTML.

Rails, fremuweki ya wavuti ya Ruby, ilitumia kiambishi tamati: text_field imefungwa kwenye modeli, text_field_tag haijafungwa. text_field(:mteja, :simu) inatoa name="mteja[simu]" na id="mteja_simu"; text_field_tag(:simu) inatoa "simu" kwenye name na kwenye id. Yale mabano ndiyo yanayoiwezesha seva kukusanya data za mteja kapu moja. Binafsi sikipendi hicho _tag, maana vyote viwili vinatoa tagi! Ila kimeenea kila mahali, kwa hiyo watu wamekizoea.

tiki_moja: Jina la tagi lisitumike pale kisaidizi kinapotoa zaidi ya tagi moja. check_box ya Rails hutoa input mbili zenye name ileile: kwanza iliyofichwa yenye "0", kisha kisanduku chenyewe chenye "1". Kivinjari hakitumi kisanduku kisicho na tiki, kwa hiyo bila ile "0" seva haijui kwamba mtumiaji ameondoa tiki. Kikiwa na tiki zinatumwa zote mbili, na seva inachukua ya mwisho. Ukigeuza mpangilio, kila jibu litakuwa "0". Sasa check_box_tag haitoi hiyo iliyofichwa. Majina ndugu, tabia mbali, na hapo ndipo wengi hunasa.

kisanduku7: Nimewapata. Na kitufe nikiite submit tu?

mabano_mraba: Kisaidizi kiite hivyo, lakini kisitoe name="submit". Sehemu yenye name hiyo hufunika form.submit() kwenye kivinjari, na JavaScript italalamika kuwa submit si fankshoni. Epuka pia action, method na reset. Rails huandika name="commit".

tiki_moja: Kuhusu lile la kwanza, ningetupa viambishi vyote. Tengeneza kijenzi cha fomu, yaani kitu kimoja, tukiite f, chenye visaidizi vyote: f.text_field imefungwa kwa sababu f inabeba modeli, text_field iliyo peke yake haijafungwa. Toka toleo 5.1, form_with ya Rails inafanya kazi ya form_for (fomu yenye modeli) na form_tag (isiyo na modeli) pamoja, na f ni ileile hata pasipo modeli. Hapo hakuna hoja ya kubahatisha.