Tupeane uzoefu: siku hesabu ya kambini ilipokataa

Mpita Mahema (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na majukumu. Mwaka wa tisa huu nafanya kazi ya kuhesabu watu waliohama makwao, kwenye mafuriko na kwenye vita. Uzi huu ni wa wale tuliowahi kushika fomu, na zaidi wa wale waliowahi kuandikwa kwenye fomu hizo. Ni siku gani hesabu ilikataa, na nani aliumia?

Naanza mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa kwenye shule iliyogeuzwa makazi ya watu waliokimbia maji. Nilifika saa nne asubuhi, nikapita darasa kwa darasa, nikamuuliza msimamizi, nikaandika watu 340. Roho kwatu. Bahati ikawa gari letu limegoma, tukalala palepale. Kuanzia saa moja jioni watu wakaanza kuingia. Wanaume waliokwenda kutazama kama maji yamepungua kwenye nyumba zao. Wanawake waliokwenda kutafuta vibarua. Watoto waliotumwa kuni. Madarasa yakajaa, baraza zikajaa, wengine wakalala wameegemea ukuta kwa kukosa pa kunyoosha miguu. Niliomba ruhusa, nikachukua tochi, nikahesabu upya. Watu 612.

Kiwango cha chini tunachokifuata ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Maji ya watu 340 ukiwagawia 612, kila mmoja hapati hata lita tisa, za kunywa, kupikia na kuoga. Vyoo navyo ni hivyo hivyo: kimoja kwa watu 20 hugeuka kimoja kwa watu 36. Ripoti yangu ya asubuhi ilikuwa imeandikwa vizuri, ina saini na tarehe, na ingewanyima maji watu 272.

Tangu siku ile swali langu la kwanza nikifika mahali ni: usiku hapa wanalala wangapi?

Mama Mapacha

Asante kaka kwa kutukumbuka sisi wa upande wa pili wa fomu. Mimi sikuhesabiwa kabisa.

Tulipokimbia hatukwenda kambini. Tulikwenda kwa dada yangu, mimi, wanangu mapacha na mama mkwe. Siku ya tatu wakaja wadogo zake shemeji na watoto wao. Tukafika watu 17 kwenye vyumba viwili. Usiku tukilala kwa zamu: wazee na watoto kwanza, sisi tukikaa nje mpaka alfajiri.

Niliposikia wanaandikisha kambini nikaenda na mapacha mgongoni na kifuani. Kijana wa kwenye meza akaniuliza nalala wapi. Nikasema ukweli: kwa dada. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, wewe una kwenu, tunaandika wasio na pa kwenda." Sikumlaumu, ndivyo alivyoelekezwa.

Mwezi wa pili akiba ya dada ikaisha. Hakuwahi kunisema, lakini nilimwona anauza cherehani yake, na ile cherehani ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto wake. Ndipo nikahamia kambini. Nilitoka kwenye nyumba yenye mlango nikaenda kulala chini ya turubai na watoto wa miezi saba, ili tu niandikwe. Na si mimi peke yangu, wiki ile tulikuwa wengi njiani na mabegi yetu.

Kalamu Nyekundu

Mama Mapacha, pole sana. Umenijibu swali lililonisumbua muda mrefu.

Mimi nakaa ofisini, kazi yangu ni kuchambua takwimu zinazoletwa na kina Mpita Mahema. Kuna wiki moja kambi tuliyokuwa tukiifuatilia ilipanda ghafla kwa watu karibu 1,900. Tukaandika kwamba kuna wimbi jipya la waliokimbia. Wakubwa wakaanza kuulizana mapigano yametokea wapi. Hakukuwa na mapigano popote. Tulimtuma mwenzetu arudi na swali moja tu ambalo fomu yetu haikuwa nalo: "Kabla ya kuja hapa, jana yake ulikuwa wapi?" Majibu yakawa: kwa shangazi, kwa rafiki, kwenye chumba cha kupanga ambacho kodi imeisha. Walikuwa wamekimbia miezi miwili nyuma, sisi ndio hatukuwaona.

Na huko ndiko wengi wao waliko. Picha tunazoziona ni za mahema, ila sehemu kubwa ya wakimbizi wa ndani duniani, yaani waliokimbia makwao bila kuvuka mpaka wa nchi yao, wanaishi nje ya kambi, kwa ndugu au kwenye nyumba za kupanga. Mkataba wa Kampala wa 2009, wa Umoja wa Afrika, unazitaka nchi wanachama zitunze rejesta ya wakimbizi wa ndani wote, na zitathmini mahitaji yao pamoja na ya jamii zinazowapokea. Yaani cherehani ya dada yako ilipaswa kuwa kwenye tathmini ya mtu.

Kwa wasioijua kazi hii: kuandikisha na kufuatilia ni vitu viwili. Kuandikisha ni jina kwa jina, kila kaya na kadi yake. Kufuatilia ni kupita eneo kwa eneo ukiwauliza watu wanaopajua, kiongozi wa mtaa, mwalimu, muuguzi, mwakilishi wa wanawake: wameingia wangapi, wametoka wangapi, wametokea wapi, maji yako umbali gani. Halafu unarudi tena baada ya muda na maswali yaleyale. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) lilianza mfumo wake wa namna hii Iraki mwaka 2004, na leo unatumika nchi nyingi. Nguvu yake ni kule kurudi tena na tena. Hesabu ya mara moja, hata iwe sahihi vipi, baada ya wiki tatu imeshachacha.

Mpita Mahema

Mkuu hapo kwenye kurudi. Na tusisahau kuulizana kaya ni nini. Mimi nilikuwa nahesabu mahema nazidisha kwa tano. Hema moja nilikuta kaya tatu, na kaya moja nikaikuta imegawanyika mahema manne kwa kuwa vijana hawawezi kulala na wazazi. Siku hizi nauliza wanaokula chungu kimoja ni wangapi, hapo ndipo majibu yanakaa sawa.

Njia Panda

Mimi sikuwa kambini, nilikuwa barabarani. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye makutano ya njia kuanzia alfajiri hadi jioni na kuhesabu wanaopita: wangapi, wanawake, wanaume, watoto, wanatoka wapi, wanaelekea wapi, kwa nini. Majina hatuchukui. Ni kazi ya haraka, kundi likipita limepita.

Siku moja alitokea msichana wa miaka tisa hivi, amembeba mtoto mchanga kwa kanga iliyofungwa vibaya, kila hatua nne anasimama kuipandisha. Kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu, zote za mguu wa kushoto. Fomu yangu ilinitaka niandike: kundi moja, watu wawili, jinsia KE na ME, umri chini ya miaka 18. Nikaandika. Halafu nikabaki nimeshika kalamu, maana hapakuwa na safu ya kusema kwamba hawa hawana mtu mzima.

Nilimwita, tukampa maji, nikampigia simu mwenzetu wa ulinzi wa watoto. Wakati tunasubiri nikaanza kufungua fomu za siku zilizopita. Siku tatu nyuma, pembeni pa ukurasa, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Mwanamke, peke yake, anatafuta watoto 2, anaelekea kaskazini." Nilikumbuka aling'ang'ania niandike, na mimi niliandika ili aondoke, foleni ilikuwa ndefu. Mstari ule ndio waliouanzia watu wa Msalaba Mwekundu wanaounganisha familia. Ilichukua siku 11. Ni mama yao.

Ndugu zangu, safu ya maoni msiiache tupu hata mkiwa na haraka vipi. Mwezi uliofuata fomu yetu iliongezwa safu ya watoto wasio na walezi.

Mkalimani

Nimesoma ya Njia Panda nikasimama kidogo kabla ya kuandika.

Yangu ni fupi. Nilikuwa natafsiri kwenye mahojiano na viongozi wa kambi, wanaume watupu. Swali: "Kuna walemavu hapa?" Jibu: "Hakuna." Tukaandika sifuri. Kesho yake mwenzangu akakaa na kina mama kwenye bomba na kuuliza kwa namna nyingine, kwa yale maswali sita ya kimataifa: nani anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuelewana na watu? Kabla ndoo hazijajaa alishatajiwa watu 14. Mmoja alikuwa mzee asiyeona, hema la mwisho kabisa, ambaye mjukuu wake alimfungia kamba kutoka mlangoni hadi chooni ili aifuate kwa mkono.

Haohao kina mama ndio waliosema vyoo havina komeo wala taa, na kwamba mabinti wameacha kunywa maji jioni ili wasitoke usiku. Viongozi walikuwa wamejibu "vyoo vipo, vinatosha".

Daftari Kuukuu

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu marahaba. Mimi ni mwenyekiti wa wakazi wa kambi, nasema kama nilivyoishi.

Kwanza, nimewahi kuongeza majina. Mgao wa awali ulikuja pungufu kwa kaya 60 na wakati ule nilikuwa nimesema kweli tupu. Nililala nikisikia watoto wa kaya zile. Mara ya pili niliongeza. Shirika moja likagundua, orodha yetu yote ikasimamishwa wiki mbili, wakaumia hata waliokuwa halali. Sijitetei. Nataka tu wanaohesabu wajue kwamba mwenyekiti anayekupa namba kubwa huenda aliadhibiwa aliposema ndogo.

Pili, mnachosha watu. Wiki moja walikuja mashirika matano, wote na simu zao, wote wanauliza: mko wangapi, maji mnatoa wapi, mmekula nini jana. Bibi mmoja akamshika mkono binti wa watu akamuuliza, "Mwanangu, wewe ni wa ngapi?" Binti alishindwa kuendelea na maswali. Pelekeaneni majibu. Na mkirudi, tuambieni yale ya kwanza yalifika wapi.

Tatu ndiyo nzito. Nilikuwa na daftari la majina yote: jina, kijiji cha asili, watoto, mahali pa hema. Usiku mmoja walikuja watu wenye silaha wakauliza orodha. Walitaka kujua nani katoka upande gani. Daftari nilikuwa nimelizika chini ya mafiga, ndani ya mfuko wa nailoni, na mke wangu alikuwa ameinjika maji juu yake. Niliwaambia orodha inakaa mjini. Waliondoka. Nimeshawahi kuulizwa na vijana wa takwimu kwa nini sitaki kuwapa majina ili wapige picha kwa simu. Ndiyo sababu.

Kalamu Nyekundu

Mzee wangu, marahaba yako nimeipokea kwa heshima. Hili la tatu tunalifundisha, lakini si kama ulivyolisema wewe. Namba ya jumla inatosha kupeleka maji. Jina likichukuliwa lazima mtu ajue linakwenda wapi, nani ataliona, na awe na uhuru wa kukataa bila kupoteza mgao.

Kuna wanaoamini laini za simu zitamaliza kazi hii. Zinasaidia, tena sana. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, watafiti walitumia takwimu, zisizo na majina, za mahali laini zilikokuwa zikihamia wakakadiria kwamba watu 630,000 waliokuwepo Port-au-Prince, mji mkuu, siku ile walikuwa wameondoka ndani ya siku 19. Hakuna timu ya miguu ingeweza kuyaona hayo kwa haraka vile. Ila yule msichana wa kandambili mbili za kushoto hakuwa na laini.

Mama Mapacha

Mzee Daftari, Mungu akulinde wewe na mkeo. Naomba kuuliza, daftari sasa liko wapi?

Daftari Kuukuu

Binti yangu, nililichoma mwenyewe baada ya usiku ule. Sasa kila safu ya mahema ina mama mmoja mwenye kamba yenye mafundo, fundo moja kwa kila kaya. Ikiingia kaya anafunga, ikitoka anafungua. Jumamosi jioni wananiletea kamba, nahesabu mafundo, naandika namba moja tu kwenye karatasi. Jana ilikuwa 418. Juzi Jumatano safu ya sita ilifungua mawili, wamerudi kwao kupanda.